Wales inakodisha milima yake, lakini hadithi ni za nani?

Aliyetazama Doctor Who tangu iliporejeshwa hewani mwaka 2005 ameiona Cardiff, hata kama hakuambiwa kuwa ni Cardiff. Mitaa inayotajwa kuwa ya London katika tamthilia ile mara nyingi ni ya mji mkuu wa Wales. Sherlock nayo ilirekodiwa kwa sehemu kubwa hapo hapo. Sex Education ya Netflix ilipigwa picha katika bonde la mto Wye na kwenye majengo ya chuo kikuu yaliyokuwa yamefungwa huko Caerleon, lakini mtazamaji haambiwi yuko wapi: wanafunzi wanaongea kama Waingereza, wanavaa kama Wamarekani, na milima iliyo nyuma yao haina jina.

Nchi hii ya watu milioni 3.1 imejipatia sifa kubwa kwa kazi za namna hiyo. BBC ilifungua studio za Roath Lock kando ya gati za Cardiff mwaka 2011. Mwaka 2015 Jane Tranter na Julie Gardner, waliokuwa mstari wa mbele kuirudisha Doctor Who, walianzisha kampuni ya Bad Wolf mjini humo na kutengeneza His Dark Materials. Mwaka 2021 Sony ikanunua hisa nyingi za kampuni hiyo. Serikali ya Wales nayo iliunda wakala wa Creative Wales mwaka 2020, kazi yake ikiwa kuvutia na kusaidia watayarishaji. Maseremala, mafundi umeme, washonaji wa mavazi, wapambaji na madereva wanalisha familia zao kwa kazi hizi, na sina sababu ya kuzibeza.

Ninachokataa ni kuzifanya ushahidi kwamba utamaduni wa Wales unastawi. Mtayarishaji wa Los Angeles anafika Cardiff kwa sababu ya ruzuku, mafundi hodari na milima iliyo karibu na studio. Akipewa masharti mazuri zaidi Ireland au Hungary ataondoka, na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa hakuja kusimulia habari za Wales. Wanaozisimulia ni taasisi ambazo Wawelisi walijijengea wenyewe, nyingine kwa kwenda jela: chaneli ya televisheni, tamasha la ushairi, wachapishaji, vikundi vya maigizo. Taasisi hizo ndizo zilizowalea wengi wa mafundi na wasanii wanaotajwa leo kwa fahari, na ndizo zinazobanwa fedha.

Historia ya chaneli yenyewe inatosha kuonyesha hakuna kilichotolewa kwa hisani. Chama cha Conservative kiliingia madarakani mwaka 1979 kikiwa kimeahidi chaneli ya Kiwelisi, kisha kikaigeuka ahadi. Watu wengi wakakataa kulipa ada ya televisheni na baadhi yao wakafungwa. Mwezi Mei 1980 Gwynfor Evans, aliyekuwa mbunge wa kwanza wa chama cha Plaid Cymru, akatangaza kwamba kuanzia Oktoba atagoma kula hadi kufa ahadi isipotimizwa. Alikuwa na umri wa miaka 67, na hakuna aliyemjua aliyedhani anatania. Serikali ya Margaret Thatcher, ambayo haikuwa na desturi ya kurudi nyuma, ilirudi nyuma mwezi Septemba. Chaneli hiyo, iliyoitwa S4C, ikaingia hewani tarehe 1 Novemba 1982.

Hasira ile ilikuwa na mizizi mirefu. Mwaka 1847 ripoti ya serikali kuhusu shule za Wales iliieleza lugha ya Kiwelisi kuwa kikwazo cha maadili na maendeleo, na katika shule nyingi za karne ile mtoto aliyesikika akiongea Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Alikivua pale tu alipomnasa mwenzake akifanya kosa lile lile, na wa mwisho kuwa nacho jioni ndiye aliyechapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia mwaka 1986 jinsi shule za ukoloni nchini Kenya zilivyotumia mbinu hiyo hiyo dhidi ya Kikuyu, na Wakenya wengi wa umri wa kati bado wanaikumbuka diski iliyopokezanwa darasani. Njia haikutofautiana: mtoto anafanywa askari wa kumlinda mtoto mwenzake asiongee lugha ya mama yake.

Umuhimu wa S4C haukuishia kwenye kusikika kwa Kiwelisi sebuleni. Chaneli haikujijengea kiwanda chake cha kutengeneza kila kitu. Vipindi vingine ililetewa na BBC, na vingine vingi iliagiza kwa kampuni binafsi. Kwa sababu ya maagizo hayo kampuni ndogo zikachipuka Cardiff na Caernarfon, zikaajiri wapiga picha, wahariri na wachoraji wa katuni ambao hapo awali wangelazimika kuhamia London. SuperTed, dubu wa katuni wa mwaka 1982, alianzia hapo, na baadaye akaonyeshwa na Disney Channel ya Marekani. Mzimamoto Sam, anayependwa na watoto wa nchi nyingi ambao wazazi wao hawajui kwamba jina lake la kwanza hewani lilikuwa Sam Tân, ni zao la miaka hiyo pia. Kwa hiyo mwandishi Russell T Davies na wenzake walipoileta Doctor Who Cardiff, mji ulikuwa tayari na zaidi ya miaka 20 ya watu wanaojua kutengeneza televisheni. Sehemu kubwa ya msingi huo iliwekwa na lugha ambayo serikali haikutaka kuilipia.

Naomba tukae kidogo kwenye Y Gwyll, maana ndani yake kuna fahari na tatizo kwa pamoja. Ni tamthilia ya upelelezi ya mwaka 2013, iliyopigwa picha Aberystwyth na vijiji vya Ceredigion, na nje ya Wales inajulikana kama Hinterland. Kila onyesho lilirekodiwa mara mbili: waigizaji wanasema maneno yao kwa Kiwelisi, wanarudi mahali pao, wanasema tena kwa Kiingereza. Mfululizo mmoja ukawa miwili. DR ya Denmark, shirika lililoizoesha Ulaya kutazama wapelelezi wenye huzuni huku ikisoma maandishi chini ya skrini, ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo.

Kwa hesabu za fedha ni mpango wa busara. Bajeti ya S4C peke yake haiwezi kulipia tamthilia ya kiwango hicho. Toleo la Kiingereza linaleta mwenza wa kugharimia, na Kiwelisi kinapata picha nzuri ambazo kisingezimudu. Mtindo huo ukazaa tamthilia ya Craith, na ukazaa Un Bore Mercher ya mwaka 2017, ambayo Eve Myles alijifunza Kiwelisi ili aweze kuicheza. Toleo lake la Kiingereza, Keeping Faith, lilitazamwa sana kote Uingereza.

Lakini hadithi inayotungwa ili iweze kusemwa kwa lugha mbili huanza kujichunga. Utani unaoeleweka tu kijijini unaachwa. Mzaha wa lahaja ya kaskazini dhidi ya ile ya kusini unafutika. Na katika toleo linalosafiri duniani, wakulima wawili wa Ceredigion wanajadiliana zizini kwa Kiingereza, jambo ambalo wakulima wale wenyewe wasingelifanya. Dunia inaonyeshwa Wales isiyo na Kiwelisi kwa msaada wa chaneli ya Kiwelisi. Ndiyo maana naiona Dal y Mellt ya mwaka 2022 kuwa hatua kubwa kuliko Y Gwyll, ingawa haikupata kelele nyingi hivyo. Ni hadithi ya wezi na kisasi iliyorekodiwa kwa Kiwelisi tu, na Netflix iliinunua hivyo hivyo mwaka 2023, ya kwanza ya lugha hiyo kununuliwa nayo. Watazamaji waliokwisha kuzoea kusoma tafsiri ya Kikorea na Kihispania hawakuona ajabu kusoma ya Kiwelisi. Dhana kwamba lugha ndogo ni lazima ijifiche ili iuzike ilikuwa imepitwa na wakati, na S4C ilikuwa na haki ya kuitupa mapema zaidi.

Wanamuziki walikuwa wamekwisha kupambana na dhana kama hiyo, na pambano lao linajulikana kidogo mno. Mwaka 2007 PRS, chama cha Uingereza kinachokusanya mirabaha, kilibadilisha namna ya kukokotoa malipo ya nyimbo zinazopigwa redioni. Mapato ya watunzi wa Kiwelisi yakaporomoka. Kituo cha BBC Radio Cymru kiliwategemea wao kujaza saa zake, lakini hesabu mpya ziliwathamini kana kwamba ni mdundo wa nyuma kwenye redio ya mtaa. Wakaunda chama chao, wakakiita Eos, yaani ndege mdogo anayeimba usiku, wakahamishia humo haki za nyimbo zao, na tarehe 1 Januari 2013 wakaziondoa hewani. Redio ya Kiwelisi ikapoteza zaidi ya nyimbo 30,000 kwa siku moja. Ikalazimika kupunguza saa za matangazo na kupiga muziki wa ala na nyimbo za Kiingereza.

Baraza la usuluhishi wa hakimiliki lilipotoa uamuzi mwishoni mwa mwaka huo, kiwango kilikuwa karibu na kile BBC ilichotaka kulipa, mbali sana na walichoomba wanamuziki. Kifedha walishindwa. Hata hivyo naihesabu kuwa siku muhimu katika uchumi wa sanaa wa nchi ile, kwa sababu wasanii walimwonyesha mlipaji kwamba bila wao hana kipindi. Mwanamuziki yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam aliyewahi kufuatilia mirabaha yake atatambua mara moja kilichokuwa kinapiganiwa.

Muziki wenyewe haukufa. Super Furry Animals walitoa albamu nzima ya Kiwelisi, Mwng, mwaka 2000 nayo ikaingia kwenye chati ya Uingereza. Adwaith, wasichana watatu wa Carmarthen, walishinda Tuzo ya Muziki ya Wales mwaka 2019 na tena mwaka 2022. Na wimbo wa Dafydd Iwan wa mwaka 1983, Yma o Hyd, uliotungwa katika miaka ya kukata tamaa, uliimbwa na uwanja mzima wa Cardiff mwaka 2022 siku Wales ilipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1958. Wengi wa waliouimba hawakuweza kuagiza chai kwa Kiwelisi. Waliimba kila neno.

Eisteddfod ya Taifa, tamasha la Kiwelisi la ushairi na sanaa, ndiko ningempeleka mgeni mwenye wiki moja tu ya kukaa Wales. Hufanyika mwanzoni mwa Agosti, mwaka mmoja kaskazini na mwaka mwingine kusini. Mwaka 2024 ilikuwa Pontypridd, mwaka 2025 ikawa Wrexham. Watu zaidi ya laki moja hufika, na kilele chake ni mshairi kupewa kiti. Washindani hutuma tungo kwa majina ya kubuni. Waamuzi husoma hukumu yao jukwaani mbele ya umati, kisha jina la kubuni hutajwa na tarumbeta kupigwa, na hapo ndipo mshindi husimama pale alipoketi miongoni mwa watu, mara nyingi bila hata jirani yake kujua. Isipopatikana tungo inayostahili, kiti hakitolewi, na taifa huenda nyumbani limenuna.

Tungo za kiti ni lazima zifuate cynghanedd, kanuni inayotaka konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zijirudie kwa mpangilio katika nusu ya pili, au vina vya ndani vifungamane kwa namna maalumu. Msomaji aliyelelewa na vina na mizani atahisi undugu, na atakumbuka ugomvi wetu wenyewe kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Wales imeutatua kwa kuweka tuzo mbili: kiti kwa arudhi, taji kwa mashairi huru. Na arudhi haikuachwa kwa maprofesa. Tangu 1979 Radio Cymru ina kipindi cha Talwrn y Beirdd, ambapo timu za washairi, wakiwemo wakulima na walimu wa shule, hushindana kutunga papo kwa hapo na kwa kazi za nyumbani, huku mwamuzi akitoa alama kama mpira. Hakuna ruzuku ya studio inayoweza kununua kitu kama hicho.

Tamasha hilo pia hutoa medali ya nathari, na ndiko Manon Steffan Ros alikoipata mwaka 2018 kwa Llyfr Glas Nebo, riwaya fupi ya mama na mwanawe wanaoishi kaskazini mwa Wales baada ya maafa ya nyuklia. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwaka 2023 ikashinda medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto na vijana nchini Uingereza. Hakuna tafsiri iliyowahi kuishinda kabla ya hiyo. Kitabu kilianzia kwenye shindano la lugha yenye wasemaji nusu milioni, kikapata wasomaji wake nyumbani, ndipo kikatoka.

Kwa sababu hiyo nasimama na kanuni ya Eisteddfod ya kutumia Kiwelisi peke yake jukwaani, inayoshikiliwa tangu 1950, ingawa naujua uchungu wake. Mwaka 2023 Sage Todz, rapa aliyekulia Penygroes huko Gwynedd na anayechanganya Kiwelisi na Kiingereza kama vijana wa rika lake wanavyoongea, alisema hatatumbuiza kwa kuwa alitakiwa apunguze Kiingereza. Ni kijana mweusi aliyeipeleka lugha kwenye mdundo wa drili, aina ya muziki wa rap, ambako hakuna aliyeitarajia, na kanuni ikamwacha nje. Inauma. Lakini Kiingereza kina majukwaa mengine katika wiki 51 zinazobaki za kila mwaka, na uwanja huu ukifunguliwa nusu utafunguka wote. Jawabu lilikuwa kumlipa vizuri na kumpa nafasi kwingine, na wenye majukwaa hayo mengine hawapaswi kujificha nyuma ya kanuni ya Eisteddfod. Kwamba lugha haina rangi limekwisha kuthibitishwa: mwaka 2023 Cymdeithas yr Iaith, chama cha harakati za lugha kilichoanzishwa 1962, kilimchagua Joseph Gnagbo kuwa mwenyekiti, mzaliwa wa Ivory Coast aliyefika Wales kuomba hifadhi na kujifunza Kiwelisi huko huko.

Harakati hizo zote zinakwenda mbio na sensa. Mwaka 2011 wasemaji walikuwa 562,000, mwaka 2021 wakawa 538,000, sawa na asilimia 17.8. Serikali inalenga milioni moja ifikapo 2050. Gwynedd bado ina asilimia 64.4, lakini huko nyumba za vijijini hununuliwa na matajiri wa mijini kwa ajili ya likizo, na kijana aliyekulia hapo hawezi kushindana nao kwa bei.

Na katikati ya hali hiyo, mkasi. Baraza la Sanaa la Wales liliondoa ruzuku yote ya National Theatre Wales mwaka 2023. Kundi hilo lilianzishwa 2009 bila jengo, likacheza viwandani, ufukweni na mitaani. Pasaka ya 2011 liliugeuza mji wa chuma wa Port Talbot kuwa jukwaa kwa siku tatu, mwigizaji Michael Sheen akiongoza na wenyeji zaidi ya elfu moja wakishiriki. Lilikuwa na kasoro. Mwaka 2018 waandishi 40 wa maigizo walilalamika hadharani kwamba limewasahau wasanii wa nyumbani. Kasoro hurekebishwa. Lilifungwa mwishoni mwa 2024, mwaka ule ule ambao Port Talbot ilizimiwa tanuri zake za mwisho. Sheen ametangaza kundi jipya la maigizo la kitaifa na kuanza kuligharimia mwenyewe, jambo la kumpongeza yeye na la kuitia aibu nchi.

Welsh National Opera ilipunguziwa zaidi ya theluthi ya fedha ilizokuwa ikipata kutoka Baraza la Sanaa la England, ikaanza kukata miji kwenye ratiba yake. Makumbusho ya Taifa yalipoteza wafanyakazi wasiopungua 90 mwaka 2024 huku paa la jengo la Cardiff likivuja. Kamati ya Bunge la Wales ilisema Januari 2025 kwamba matumizi ya umma kwa utamaduni hayafiki pauni 70 kwa mtu, karibu na mkia wa Ulaya. Bajeti iliyofuata iliongeza kidogo, lakini haikufidia muongo mzima wa kukatwa.

Chaneli yenyewe haiko salama. Tangu 2022 fedha zote za umma za S4C zinatoka kwenye ada ya leseni ya televisheni, takriban pauni milioni 88.8 mwaka huo, na mkataba wa kifalme wa BBC unaoibeba ada hiyo unakwisha tarehe 31 Desemba 2027. Utangazaji haumo katika mamlaka ya Bunge la Wales, kwa hiyo mazungumzo yatakayoamua hatima ya chaneli iliyopatikana kwa tishio la mtu kufa njaa yatafanyika London, Kiwelisi kikiwa aya ndogo ndani ya ugomvi mkubwa kuhusu BBC. Kiasi cha S4C kinapaswa kuandikwa kwenye sheria yake yenyewe, mbali na ada hiyo. Na Creative Wales, ambayo tayari huzitaka kampuni inazozisaidia zichukue wanagenzi, inaweza kuongeza sharti moja zaidi: kila kampuni kubwa inayopokea fedha za umma iwalipe pia waandishi wa Wales kuandika miswada mipya, kwa Kiwelisi au Kiingereza, na haki za miswada hiyo zibaki kwa waandishi.